Ukinitafuta baada ya miaka, anza na shida yako

Namba ya mtu uliyepotezana naye kazini miaka mingi ikiita kwenye simu yako, kichwa kinaenda kulekule kabla hata hujapokea: huyu ana harusi. Kama sio harusi basi ni sendofu ya mdogo wake, na kesho utaletewa kadi yenye singo na dabo na jina lako limeandikwa vibaya. Kama hana harusi anataka umkopeshe, na kama hataki mkopo basi kajiunga na ile biashara ya virutubisho na amekuona wewe ndo wa kukaa chini yake. Siku hizi kuna hofu nyingine juu ya hizo, kwamba pengine sio yeye kabisa, ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamepata laini yake.

Naanzia hapo kwa sababu nimesoma ushauri mwingi sana wa namna ya kuwarudia watu wako wa kazini, na mwingi umeandikwa kama vile tatizo ni aibu peke yake. Jikaze, andika meseji, mtu atafurahi. Sawa, aibu ipo, nani hana. Ila hapa kwetu yule unayemtafuta naye ana mashaka yake, ameshapigwa mizinga ya kutosha, na wewe unaingia kwenye foleni ya watu waliomsalimia vizuri wiki nzima, watoto hawajambo, mama hajambo, halafu siku moja usiku wakatoa mzinga. Sasa wewe unajitofautishaje na hao?

Mimi hii habari ilinikuta 2025, mimi na nusu ya watu ninaowajua. Nilikuwa kwenye mradi wa afya Kanda ya Ziwa, upande wa manunuzi na usafirishaji, vitendanishi vya maabara, majokofu, pikipiki, vitu hivyo. Tarehe 20 Januari Trump anaapishwa na siku hiyohiyo anasaini kusimamisha misaada ya nje, siku chache mbele tukaambiwa kalamu chini, Machi wakatangaza wamefuta asilimia 83 ya programu za USAID, na ilipofika 1 Julai shirika lenyewe ndo likafikia mwisho. Ofisi ambayo juzi tu mlikuwa mnagombania gari la kwenda Geita, sasa anapita mtu na karatasi anahesabu viti na makabati. Kilichofuata nadhani hakijawahi kutokea kwenye sekta ile, watu wote kwa mpigo walifungua majina kwenye simu zao. Manesi, wahasibu, madereva, watu wa takwimu, wote wanatafutana na wote wanatafuta kitu kilekile. Nilikuwa napokea "mambo dada" kutoka kwa watu ambao hata sura nimeshaisahau, na saa hiyohiyo mimi mwenyewe niko kwenye chati nyingine naandika "shikamoo bosi". Kwa hiyo hizo meseji nimezikalia pande zote mbili, ndo maana nina maneno mengi kidogo.

Kabla ya mradi nilikuwa Dar, deklarenti kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Deklarenti ndo yule anayeingiza nyaraka za mzigo wako kwenye mfumo wa forodha, anachagua kodi ya kila bidhaa (namaanisha ile namba ya HS, ya kimataifa ya kupanga bidhaa, sio kodi ya kulipa, ingawa ukiikosea ile namba na kodi ya kulipa inakukuta), halafu anakimbizana na karatasi mpaka kontena litoke. Hiyo kazi ni watu. Mfumo upo, sheria ipo, lakini mzigo ukikwama saa kumi jioni Ijumaa unahitaji kumjua mtu anayejua kwa nini umekwama. Wala siongelei kumjua mtu wa kupitisha kitu kinyume, naongelea mtu wa kukwambia "dada, hapo umeweka uzito wa jumla badala ya uzito halisi, rekebisha". Watu wa namna hiyo nilikuwa nao wengi. Miaka ikapita, nikawa sina.

Na wala hatukugombana. Hapo ndo watu wanapokosea, wanadhani mtu akipotea basi kuna kitu. Hamna kitu. Nchi hii ina namna zake za kukupotezea watu bila kosa la mtu yeyote. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilipozimwa? Kuna mtu alikuwa na maisha yake yote ya kazi kwenye ile simu ya Kichina yenye laini mbili na redio ya kupiga kelele, majina yote yako kwenye simu hayako kwenye laini, asubuhi anaamka simu imekuwa tochi. Ikaja kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho 20 Januari 2020, na waliokuwa hawajapata namba ya NIDA laini zikakatwa wakanunua nyingine, wengi hawakutangaza namba mpya kwa mtu. Katikati ya hapo serikali inahamia Dodoma, yule dada wa wizarani uliyekuwa unamkuta Posta saa saba mkanywa chai sasa yuko Mtumba. Bandarini nako, TICTS, kampuni ya kupakua makontena iliyokuwepo tangu 2000, mkataba wao ukaisha mwisho wa 2022, 2024 DP World wa Dubai wakaanza kazi, ukienda leo meza unaikuta, mtu humkuti.

Siku niliyokaa na simu yangu kupitia majina ilikuwa kama kusoma barua za mtu mwingine. Kulikuwa na "Bandari Mrefu". Kulikuwa na "Dada Long Room", "Skena Mpole", "Kaka Tunduma Magari", "Yule wa Vigae", na watu wawili tofauti walioandikwa "Usipokee" na "Usipokee 2". Bandari Mrefu ni nani jamani? Nilimkumbuka baada ya siku kadhaa, nikiwa naosha vyombo, na nilipomkumbuka nikakumbuka pia kwamba sio mrefu, ilikuwa utani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba usimrudie mtu ukiwa na shida, msalimie kwanza, jenga upya uhusiano, shida ije baadaye. Mimi naupinga. Naupinga kwa sababu nimekuwa mpokeaji wa huo ujenzi. Unaanza hivi:

"Mambo"

Unajibu poa. Kimya. Kesho yake, "Za siku dada angu". Nzuri. "Familia?" Wazima. "Upo Mwanza bado?" Nipo. Kimya tena, siku mbili. Halafu picha ya maua yenye maandishi ya asubuhi njema. Halafu anapenda stetasi yako, ile ya mtoto. Na wewe muda wote huu uko pale unasubiri, unajua kinakuja, yaani ni sawa na kukaa kwa fundi wa meno unasikia ile mashine chumba cha pili. Siku ya siku inaingia saa nne usiku: "Aisee dada kuna kitu nilikuwa nataka kukushirikisha". Hapo ndo naona hasira. Sio kwa sababu ana shida, shida sote tunazo, ni kwa sababu zile salamu zote sasa nazisoma upya na naziona zilikuwa mtego. Hata maua yale. Mtu akiniambia siku ya kwanza, mstari wa kwanza, "dada nimepoteza kazi, natafuta mtu wa kunisomea CV yangu", ningemsomea saa hiyohiyo na ningemuuliza mwenyewe kuhusu familia.

Najua watasema wazee wetu hawakufundisha hivyo, huwezi kuingia kwa mtu ukaropoka. Kweli. Ila angalieni vizuri mzee wa kijijini anafanyaje. Anapiga hodi, anasalimia kila mtu, anauliza mifugo, mvua, anakunywa maji, halafu anasema "nimekuja nina neno". Yote ndani ya kikao kimoja! Hakuji Jumatatu kuuliza mifugo akaondoka, akarudi Jumatano kuuliza mvua. Kile tunachofanya kwenye WhatsApp hatukufundishwa na mzee yeyote.

Kwa hiyo nilipofika zamu yangu nilikaa nikaandika kwa mzee wangu wa zamani, mwenye ile kampuni ya mizigo. Naiweka hapa karibu ilivyokuwa:

"Shikamoo mzee. Ni mimi deklarenti wako wa meza ya dirishani, tuliyehangaika wote na ile mitambo ya kiwanda cha maji iliyokuja na nyaraka za Kichina. Natumaini mama na wote nyumbani hawajambo. Mzee, mradi niliokuwa nafanya Mwanza umefungwa na ninataka kurudi kwenye mizigo, ila bandari ya sasa siijui. Naomba unipe dakika ishirini za simu siku utakayokuwa na nafasi unieleze kipi kimebadilika. Sikuombi ajira. Kama umebanwa nitaelewa mzee wangu."

Kuna vitu nilivifikiria pale. Ile mitambo kwanza. Jina langu lingeweza kuwa la wasichana kumi waliopita ofisini kwake, lakini mitambo ya kiwanda cha maji ilitutoa jasho wawili, nyaraka zilikuja hazina tafsiri na mwenye mzigo anapiga simu kila nusu saa, hawezi kuisahau. Pili nimeomba kitu chenye mwisho. Ukimwambia mtu "naomba unisaidie mzee wangu hali ni mbaya" umemkabidhi maisha yako, hajui aanzie wapi, atanyamaza sio kwa roho mbaya ila kwa uzito. Dakika ishirini anaziweza. Na ile "sikuombi ajira" lazima iwe kweli. Ukiandika halafu dakika ya kumi na tisa ukaanza "ila kama kuna kanafasi", umerudi kwenye maua ya asubuhi njema.

Hakujibu. Tiki mbili za bluu, siku ikaisha. Mimi nikawa nimeshajiambia maneno yote ambayo mtu hujiambia, nimemtupa jongoo na mti wake nilitegemea nini. Kesho yake jioni, naona anapiga. Hakuna za siku, hakuna nini. "We mtoto, hivi Mwanza samaki wameisha mpaka unarudi huku kwenye joto?"

Tuliongea zaidi ya zile ishirini na kazi hakunipa, na mpaka leo hajanipa, na yale maongezi yalinifaa kuliko kazi. Mimi nimeondoka kiwango cha juu cha kawaida cha ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kikiwa asilimia 25, nikawa na bei kichwani mwangu za wakati ule. Akaniambia kaa chini mwanangu, tangu 1 Julai 2022 kuna bendi ya nne, asilimia 35, samani zimo, nguo zimo, vigae vimo, usimpigie mteja hesabu za zamani utamuua. Hilo lipo kwenye magazeti, ningeweza kulisoma, lakini sikujua kwamba silijui. Akaniambia nani kahamia bandari kavu gani, kampuni zipi ndogo zimekufa, wateja gani wa vigae wamehamia Kariakoo kwa pamoja kuagiza kontena moja wagawane. Kila sentensi yake ilinipunguzia mwezi wa kutangatanga.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alilifanyia kazi hili zamani sana. Aliwahoji watu wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadili kazi, na kwa wale waliopata kazi kupitia mtu akauliza huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi. Waliokuwa wanaonana mara kwa mara ni asilimia 16.7 tu. Wa mara mojamoja 55.6, na wale wa nadra kabisa, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo, 27.8. Makala yake ya 1973 ndo ikawa maarufu. Sababu yake ni nyepesi, rafiki yako wa kila siku anajua unachojua wewe, mnakunywa chai moja, mko kwenye grupu moja. Na 2011 wakaja wengine, Levin, Walter na Murnighan, wakawaambia mameneja waliokuwa wanasoma shahada ya biashara wawatafute watu waliopotezana nao kwa miaka, wawaombe ushauri kuhusu kazi waliyonayo mezani. Ushauri ule ukaonekana una vitu vipya kuliko wa watu wao wa sasa, na vilevile kuaminiana kwa zamani kulikuwa hakujafa.

Hilo la kuaminiana ndo ninalolishika. Grupu letu la waliofungiwa miradi lina watu wengi wazuri, nawapenda, lakini pale ndani tangazo moja la kazi linazunguka likarudi kwa aliyelituma. Sote tunajua kitu kimoja. Mzee wa mizigo hajui chochote kuhusu mradi na ndo maana alinifaa. Ila nisidanganye, Newton hakuna kadi za michango, sijui hao mameneja wangepata majibu gani kama watu waliowapigia wangekuwa Mbagala.

Na ilikuwa mzee aliyenipa kazi ngumu kuliko zote. Akasema, "Sasa mtafute dogo." Dogo!

Dogo alikuwa mesenja wetu. Alikuja na cheti cha kidato cha nne na shati moja zuri, anapeleka mafaili Long Room, ile ofisi ya forodha ya kupokelea nyaraka, anarudi, anatumwa chapati, anatumwa vocha. Nilikuwa mkubwa wake, nilimtuma mimi mwenyewe mara ngapi sijui, na siku zenye mvua alikuwa anarudi mafaili yako makavu na yeye amelowa, ameyafunga kwenye mfuko wa rambo chini ya shati. Leo ana kampuni yake. Ana leseni, ana vijana, ana ofisi juu ya duka la vipuri Kurasini na kiyoyozi kinachofanya kazi. Nilizijua hizo habari siku nyingi na nilifurahi kabisa, ila kufurahi ni tofauti na kumpigia simu umwambie mimi sa hivi sina kazi.

Nadhani hapa ndo wengi wetu tunakwama na hatusemi. Kumrudia mkubwa wako wa zamani ni kazi nyepesi, heshima inakwenda njia ileile iliyozoea kwenda, unasema shikamoo unakaa chini. Kumrudia mliyekuwa sawa, sawa tu, mtataniana. Lakini uliyekuwa unamtuma? Unamwita nani? Ukimwita dogo kama zamani umemvunjia heshima mbele ya vijana wake. Ukimwita bosi atadhani unamkejeli. Kwenye simu yangu yupo kama "Dogo Mesenja" na nilimbadilisha jina kabla ya kumpigia, kana kwamba angeweza kuona.

Nikaamua kumwita kaka, kwa jina lake. Akapokea kijana mwingine, "bosi yuko kwenye simu nyingine", nikaacha jina. Nilitegemea nisipigiwe. Akapiga baada ya dakika chache tu na neno la kwanza "shikamoo dada". Jamani. Nilimwambia moja kwa moja, mradi umefungwa, mzee kaniambia nikutafute, nataka kuja kukaa ofisini kwako siku kadhaa niangalie mnavyofanya kazi sasa, sitaki malipo. Akacheka sana. Akasema wewe ndo ulinifundisha kusoma kile kitabu cha HS, ulinikalisha mchana wa Ramadhani watu wamelala mezani ukaniuliza kandambili za plastiki zinakaa sura ya ngapi nikasema ya plastiki, ukasema hapana, viatu vina sura yake, 64. Mimi hilo sikumbuki hata kidogo. Nakumbuka chapati.

Nilikaa pale. Vijana wake waliniita mama mwanzoni wakaishia kuniita dada mkubwa. Siku ya pili nilikuwa nimeshashika nyaraka za mtu, na kilichonishinda sio mfumo, mfumo ni kubofya, ni kasi ya watu, mteja sa hivi anafuatilia kontena lake kwenye simu na anakuuliza kwa nini limesimama kabla wewe hujajua limesimama. Dogo, samahani, kaka, anapokea simu tatu huku anasaini. Ana tabia moja ambayo nadhani ni ya umesenja wake, kila kijana akitoka na faili anamuuliza umeliweka ndani ya nini.

Kaka Tunduma Magari yeye alipatikana kirahisi, namba ileile, anauza spea na magari hataki tena kuyasikia. Mteja wangu wa Lubumbashi nilimpata kwa kuuliza kwa huyo wa Tunduma ambaye aliuliza kwa dereva ambaye yuko Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kwenye foleni, na nilipomtumia voisi akajibu na voisi ya kelele, "Eeh mama, siye tulizania ulisha kufa, kumbe uko!" Hakuwa na mzigo. Ila alinitumia namba ya shemeji yake mwenye mizigo, na hata sikuwa nimemwomba.

Dada Long Room namba yake sasa ni ya binti mmoja wa Singida. Nilimpigia nikasema habari ya kazi dada, akasema hana kazi, na mimi nikasema hata mimi, tukacheka, na yule binti mpaka leo ananitakia Ijumaa njema.

Wapo ambao hawakujibu. Niliwaandikia mara moja, wengine nikawakumbusha mara moja tena baada ya muda, basi. Simjui aliyenyamaza ana nini nyumbani kwake, pengine naye kafungiwa mradi wake. Utafiti mmoja wa 2024, wa Aknin na Sandstrom, uliwapa watu nafasi ya kumwandikia rafiki wa zamani ambaye wanatamani kuwasiliana naye na wana namba yake, na walioituma hiyo meseji ni kama theluthi moja tu. Hao ni watu wasio na shida yoyote, wanasalimia tu! Kwa hiyo mtu akichelewa kunijibu sichukui kwamba amenidharau, nachukua kwamba ameifungua akiwa kwenye daladala.

Kuna kitu kimoja nimekigundua nilipokuwa napitia nani alijibu haraka na nani hakujibu, na kitawaudhi wale wanaolalamikia michango. Waliojibu haraka kuliko wote ni wale niliowahi kwenda kwenye misiba yao. Sio niliowachangia harusi, harusi ina kamati na daftari, hela yako inaingia kwenye hesabu inaishia hapo. Msiba ni tofauti. Mama yake Skena Mpole alipofariki nilikaa chini ya turubai pale Kigamboni mchana mmoja tu, nilikuwa nimepita Dar kwa semina, wala sikuongea naye zaidi ya pole. Miaka imepita namwandikia, ananijibu "ulikuja kwa mama". Ndo jibu lake lote la kwanza. Halafu akaniuliza unataka nini.

Simaanishi watu waende misibani kutafuta koneksheni, ingawa wapo, tunawajua, wanagawa kadi za biashara kwenye foleni ya pilau.

Kitu kingine, rudisheni jibu. Nimewasomea CV watu kadhaa mwaka ule, nimewaunganisha na watu, na wengi sikusikia tena, nakuja kujua kwenye stetasi kwamba mtu yuko Kigali amepata kazi, na suti kavaa. Hongera lakini si ungeniambia? Sitaki zawadi. Nilimwambia jamaa yangu kwamba unakuja, nikaweka jina langu pale, nataka kujua kama mlango ule unafanya kazi ili nimpeleke mwingine. Mimi baada ya kukaa kwa kaka nilimpigia mzee nikamweleza yote, nani yuko wapi, kipi alichoniambia kilikuwa sahihi na kipi kimeshapitwa. Kwenye kile kilichopitwa alibisha dakika nzima, halafu akaniambia nimtumie kwa maandishi.

Na zile picha za Heri ya Mwaka Mpya za kutumia watu mia mbili, zenye mshumaa na jina la kampuni iliyotengeneza, naomba tuziache. Hazimfikii mtu yeyote. Ukitaka kuniandikia Desemba niandikie mstari mmoja ambao usingeweza kumtumia mwingine, hata ukinitukana.

Sasa hivi napata vikazi. Kaka ananiita mizigo ikizidi, shemeji wa Lubumbashi ameleta kontena moja la majaribio na anapiga simu kama mtu aliyeleta ishirini, na jioni bado nawasaidia watu wa grupu kupanga CV zao. Juzi nikiwa Kurasini simu ikaita, mzee. Nikasema shikamoo, hakuitikia vizuri, akasema, "Binti, wewe si ulikuwa kwenye miradi? Mjukuu wangu ana kikundi cha vijana huku Mkuranga, wanataka kuomba hela ya ufugaji nyuki na hawajui hata kuandika bajeti. Njoo Jumamosi, uje na kompyuta." Nikamuuliza mzee kwani nyumbani hawajambo? Akasema hawajambo, saa tatu asubuhi, usichelewe.